Mchawi Huanzia Miguuni

Anza na viatu. Najua mkono unakuwasha kuchora kofia, ile ndefu yenye ncha, iliyopambwa kwa nyota na mwezi mwandamo, kwa sababu hata mtoto wa chekechea akiiona anajua amekutana na mchawi wa hadithini. Kofia isubiri. Chora viatu viwili vikubwa, vizito, vyenye soli iliyolika upande mmoja, vimekanyaga ardhi. Pale soli inapogusa udongo, kandamiza penseli mpaka upate mstari mwembamba, mweusi tititi. Ukifika hapo umeshampata mchawi nusu nzima, na ndiyo nusu ambayo wengi wanaojifunza kuchora huiacha: uzito wake.

J.R.R. Tolkien hakuiacha. Alipomleta mchawi Gandalf mlangoni kwa mhusika wake mkuu, Bilbo, katika The Hobbit, kitabu kilichotoka mwaka 1937, alimvika kofia ndefu ya buluu, joho la kijivu, skafu ya rangi ya fedha na ndevu nyeupe zilizovuka kiuno, kisha akamalizia na viatu vyeusi vikubwa mno. Kofia na ndevu zinatuambia kwamba mzee huyu si wa kawaida. Viatu vinatuambia ametoka mbali kwa miguu, amepita kwenye mvua na matope, na pengine visigino vinamuuma. Mchawi anayeumwa visigino tunamsadiki. Baada ya hapo anaweza kupuliza moshi wa kiko ukageuka kijani, nasi tukakubali bila ubishi.

Hapo ndipo ilipo kanuni ninayotaka uishike kuliko nyingine zote: katika picha ya maajabu, kila kitu kiwe cha kweli isipokuwa kimoja. Ukuta uwe ukuta, wenye nyufa na ukungu. Nguo ining'inie inavyopaswa kuning'inia. Taa imulike kule taa inakoweza kumulika. Halafu kitu kimoja, kimoja tu, kivunje sheria.

Michoro mingi ya wachawi huharibika kwa ukarimu. Mchoraji anaweka joka angani, radi mbili, vitabu vinavyoruka, mtungi unaotema cheche, bundi mwenye miwani, na mwezi wenye macho na meno, vyote kwenye karatasi moja. Wachawi wenyewe wamesimama katikati, hawana kazi. Hakuna aliyebaki pichani wa kushangaa, na mtazamaji naye hashangai, kwa kuwa mahali ambapo kila kitu ni muujiza, muujiza umekuwa hali ya kawaida ya hewa.

George Lilanga (1934–2005), mchongaji na mchoraji wa Kimakonde aliyefanya kazi Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, aliipindua kanuni hii na ikamkubali. Mashetani wake wana masikio mapana, midomo iliyochomoza na miguu yenye vidole vichache. Huoni kiungo kilichokaa sawasawa. Lakini shughuli zao ni zetu: wanacheza, wanabeba, wanakunywa, wanapiga soga. Mwili ni wa ajabu, maisha ni ya kila siku. Yeye naye alijua kwamba ajabu haisimami peke yake, lazima ishikwe mkono na jambo tunalolifahamu. Ukishakomaa unaweza kumfuata. Kwa leo tubaki na njia ya kwanza, ambayo ni nyepesi kwa anayeanza.

Vifaa ni vichache. Karatasi ya A4, yaani milimita 210 kwa 297, ilazwe kwa upana. Kifutio, kichongeo na rula. Penseli tatu: HB, 2B na 6B. Ndani ya penseli mna unga wa grafiti uliochanganywa na udongo wa mfinyanzi na kuchomwa tanuruni. Grafiti ikizidi, penseli huwa laini na nyeusi, ndizo hizo za B zenye namba kubwa; udongo ukizidi, huwa ngumu na hafifu. Mchanganyiko huo ulipewa hataza mwaka 1795, na mwenye hataza alikuwa Mfaransa Nicolas-Jacques Conté, wakati nchi yake ikiwa vitani na Uingereza na grafiti safi ya Waingereza haipatikani. Mtu aliyesaga jiwe, akalikanda na udongo, akalipitisha motoni, akawapa watu kijiti kinachotoa misitu na milima: huyo kwangu ndiye mchawi wa kwanza wa picha hii. Kama una HB moja tu iliyonunuliwa dukani kwa Mangi, anza nayo. Utabonyeza zaidi penye giza, na karatasi itavumilia.

Usivamie karatasi kubwa mara moja. Chora pembeni visanduku vinne vidogo, kila kimoja kisizidi ukubwa wa kiberiti, na ndani yake upange madoa tu: hapa giza, hapa mwanga, hapa mtu, hapa ukuta. Usichore macho, usichore vidole. Ikiwa kwenye kisanduku kidogo namna hiyo mtu hajui nani ni mchawi na taa iko wapi, kwenye karatasi kubwa hatajua pia, utakuwa umemwongezea tu eneo la kupotelea.

Sasa tuchague tukio. Liwe dogo: usiku, ua wa nyumba iliyohamwa zamani, mzee mmoja mchawi na mwanafunzi wake, binti wa miaka 12. Mzee ameshika fimbo ndefu, na juu ya fimbo imetundikwa kandili ya mafuta ya taa. Kandili ya kweli, yenye chupa na utambi, ile inayouzwa sokoni. Nuru isitoke kwenye kidole cha mchawi. Muujiza wetu tumeuwekea nafasi yake, na tukiutumia kwenye taa tutaukosa kwenye jambo lenyewe.

Kuhusu mahali, kila mchoraji mzuri wa hadithi za namna hii alichukua kilicho mlangoni kwake. Mwingereza Arthur Rackham, aliyezaliwa mwaka 1867 na kufa mwaka 1939, anakumbukwa kwa miti iliyopinda, yenye mizizi inayoshika ardhi kwa makucha; miti hiyo ni ya mashamba na misitu ya kwao, imetiwa roho. Ngome juu ya jabali tunazoziona kwenye vitabu vya Ulaya zipo kwa sababu Ulaya ina ngome kweli, zimebomoka zinaangaliwa na kila mpita njia. Wewe wa pwani huna haja ya kuazima ngome ya Uskoti uliyoiona kwenye filamu. Nenda magofu ya Gedi, karibu na Watamu, ambayo UNESCO iliyaingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024. Kuta za mawe ya matumbawe, milango ya upinde wenye ncha, miti iliyoota ndani ya vyumba na mizizi yake ikakumbatia kuta. Hapo hata kabla mchawi hajafika pameshajaa. Walio Bagamoyo wana magofu ya Kaole, yenye kaburi la nguzo linalochorwa vizuri mno kwa mbali. Nakusihi tu umweke mchawi wako uani, si juu ya kaburi. Waliolala pale wana watu wao.

Na kama huwezi kusafiri, soma. Adili na Nduguze cha Shaaban Robert kina ndugu wawili waliogeuzwa manyani na mji ambao watu wake wamekuwa mawe. Mji wa mawe ni zawadi kwa anayeanza kuchora, kwani watu wote wametulia, hakuna anayesogea ukiwa katikati ya kumchora pua.

Turudi uani. Piga mstari wa upeo wa macho, yaani urefu ambao macho ya mtazamaji yapo, uvuke karatasi kutoka kushoto hadi kulia. Uweke chini kidogo, theluthi moja kutoka ukingo wa chini, ili mtazamaji awe amechutama nyuma ya kichaka, anawachungulia. Mchawi atakuwa mkubwa bila wewe kumchora mkubwa. Mstari huu una siri inayookoa picha nyingi: ardhi ikiwa tambarare, ukimkata mzee kiunoni, utamkata kiunoni kila mtu mwenye kimo kilekile, awe karibu au awe kule ukutani. Wachoraji wasioujua huishia na watu wa nyuma waliozama ardhini au wanaoelea, na kuelea ni jambo tuliloliwekea mtu mmoja tu.

Mwili wa mtu mzima una urefu wa takriban vichwa saba na nusu. Pima kwa penseli, weka alama, kisha usihangaike na misuli, maana mchawi amevaa joho, na joho lina rehema kubwa kwa mchoraji mchanga. Limefunika magoti, limefunika nyonga, limefunika yote yanayowaliza wanafunzi wa sanaa. Umbo zima linaingia ndani ya pembetatu ndefu yenye msingi mpana. Lakini rehema ina sharti lake. Nguo huning'inia kutoka mahali iliposhikwa: begani, kwenye kiwiko kilichoinuliwa, kwenye mshipi. Mikunjo yote huanzia kwenye vituo hivyo na kutawanyika kuelekea chini. Haioti katikati ya tumbo bila sababu. Chukua kanzu au kitenge, kitundike kwenye msumari mmoja, ukitazame, ukichore. Kisha kitundike kwenye misumari miwili, ukichore tena. Uone jinsi kitambaa kilichokuwa kikishuka kimekuwa kinabembea kati ya misumari. Jioni moja ya kazi hiyo inakufundisha joho kuliko mwezi mzima wa kunakili picha za watu wengine.

Mikono ndiyo inayowatia watu hofu, na joho lenye mikono mirefu ni kishawishi kikubwa. Michoro iko tele ambayo mzee kafutika mikono ndani ya joho, mwanafunzi kaificha mgongoni, na yule wa tatu, aliyeongezwa kujaza nafasi, kashika kitabu ambacho kwa bahati njema kimeficha vidole vyote kumi. Hao ni watu wanaosubiri basi. Kazi ya mchawi iko mikononi mwake, kwa hiyo onyesha walau mkono mmoja. Fimbo ichorwe kwanza, mstari mzima, upite mahali kiganja kitakapokaa. Juu yake chora kiganja kama andazi la pembe nne. Vidole vinne visichorwe kimoja kimoja; vichore kwanza pamoja, kipande kimoja kinachozunguka fimbo, halafu ndipo uvigawe kwa mistari mitatu mifupi. Kidole gumba kije kutoka upande wa pili na kukutana navyo. Basi. Mkono umeshika.

Ukishindwa kabisa na watu, kuna njia ya heshima ambayo Tolkien mwenyewe aliipita. Alikuwa hodari wa milima, misitu na mapango, na viungo vya binadamu havikuwa ugwiji wake. Katika picha yake ya rangi inayoonyesha mazungumzo ya Bilbo na joka Smaug, joka na lundo la dhahabu vimetawala, na Bilbo ni kiumbe kidogo pembeni. Udogo ule ndio unaotutia hofu kwa niaba yake. Wafanye wachawi wako wadogo, uupe ua na miti nafasi, na picha itapata ukimya ambao sura za karibu zisingeupata.

Haya, sasa kofia. Kofia ni koni iliyokaa juu ya fuvu, na fuvu linaendelea ndani yake. Ukingo wake uanzie katikati ya paji la uso na uzunguke kichwa, hivyo utaonekana duara lililobanwa. Ukiupiga kwa rula umemwekea mzee ubao kichwani. Ncha usiinyooshe. Nguo iliyozeeka hulegea, kwa hiyo ikunje mahali pamoja, ielekee nyuma. Kuhusu nyota na mwezi, watu wengi waliziona mwaka 1940 kwenye filamu ya Fantasia ya Disney, pale Mickey Mouse anapochukua kofia ya bwana wake na kuamuru ufagio ubebe maji. Tangu hapo nyota zimekuwa zikimwagwa kwenye kofia bila hesabu. Mimi naona pambo la kofia liwe na kazi. Neues Museum ya Berlin ina kofia ya dhahabu yenye umbo la koni, urefu wake sentimita 74.5, uzito wake gramu 490 hivi, ya miaka ipatayo 3,000 iliyopita. Imegongwa safu kwa safu za miduara na alama za jua na mwezi, na wataalamu wamesoma humo hesabu za kalenda. Aliyeivaa alikuwa amejitwisha mwaka mzima kichwani. Wewe nawe ukitaka nyota, weka nyota zinazojulikana. Weka Kilimia, kile kifungu kidogo ambacho wakulima wamekitazama vizazi na vizazi kujua msimu wa kulima umefika, na mtu akikuuliza mchawi wako anajua nini, utakuwa na jibu.

Wala kofia si lazima. Tolkien alihifadhi kadi ya posta yenye picha ya mchoraji Mjerumani Josef Madlener: mzee mwenye ndevu nyeupe amekaa chini ya msonobari, mtoto wa paa anamnusa mikono. Kwenye karatasi aliyoifungia kadi hiyo aliandika kwamba ndiyo asili ya Gandalf. Mzee yule amevaa kofia ya duara yenye ukingo mpana, haina ncha hata kidogo. Kilichomfanya Tolkien aitunze ni paa aliyemwamini. Na Ursula K. Le Guin, alipoandika A Wizard of Earthsea mwaka 1968, alimpa mchawi wake Ged ngozi ya kahawia yenye wekundu, na kwa miaka mingi alilalamika waziwazi kwamba wachoraji wa majalada walimgeuza mweupe. Lawama ile ilikuwa ya haki. Chora ngozi ya watu unaowajua. Mvike mzee kofia iliyodarizwa na joho la pwani lenye tarizi kifuani, kama hayo ndiyo mavazi yanayompa heshima machoni pako. Ndevu zikianza mashavuni na kushuka kwa mafungu, si unywele mmoja mmoja, zitatosha kumwambia mtazamaji huyu ni nani.

Sasa mwanga, na hapa nakuomba utulie, kwani ndipo picha inapofufuka au kufa.

Mnamo mwaka 1652 Rembrandt alichonga kwenye bamba la shaba picha ya msomi aliyeinuka mezani pake, amekodolea macho duara la nuru lenye herufi lililojitokeza kwenye dirisha. Imezoeleka kuitwa Faust. Itafute uitazame kwa dakika kumi. Mahali panapong'aa zaidi hapana mistari. Ni karatasi tupu. Rembrandt alichora giza, akaiachia nuru ijitokeze yenyewe. Fanya hivyo. Karatasi yako ndiyo nyeupe kuliko kitu chochote utakachowahi kuiwekea, hivyo eneo la kandili usiliguse kabisa. Lizungushie 6B, polepole, mistari ya mshazari iliyokaribiana, na jinsi giza linavyokolea ndivyo kandili itakavyowaka. Usisugue kwa kidole. Kidole kinaacha mafuta na kugeuza usiku kuwa vumbi.

Gawa picha nzima katika rangi tatu tu. Nyeupe kwa kandili na nyuso za vitu zinazoielekea. Kijivu cha 2B kwa anga na kuta zenye mwanga hafifu. Nyeusi kwa miti ya nyuma na vivuli. Mwezi uuache, taa mbili zitagombana, na vivuli havitajua vimfuate nani. Kumbuka pia kwamba mwanga wa taa ndogo hupungua haraka: aliye mbali mara mbili hupata robo tu. Mzee yuko hatua moja kutoka kwenye kandili, binti yuko hatua mbili. Basi uso wa mzee ubaki karibu mweupe, na wa binti upakwe HB nyepesi. Mtazamaji hatafanya hesabu hiyo, lakini jicho lake limeifanya tangu utotoni na litajua ukidanganya.

Vivuli vipimwe. Simamisha fimbo wima kabisa, kwa sababu ndiyo mizani yako. Mwali uko juu ya fimbo, na kitako cha fimbo kiko ardhini, moja kwa moja chini ya mwali. Weka rula kwenye kitako cha fimbo, ipitishe kisiginoni mwa mzee, uvute mstari hafifu ardhini: huko ndiko kivuli chake kinakokwenda. Kisha weka rula kwenye mwali, ipitishe utosini mwake, uvute mpaka ukutane na mstari wa kwanza: hapo ndipo kivuli kinapoishia. Kikikutana na ukuta kabla ya kuisha, kipandishe ukutani. Mchawi yeyote anayeshika fimbo amemshikia mchoraji chombo cha kupimia, na sielewi kwa nini vitabu vingi vya kujifunzia havisemi hivyo.

Muujiza wetu ni binti. Amefunzwa neno moja usiku huu, amelisema, na sasa nyayo zake ziko futi moja juu ya ardhi. Hebu uone jinsi ilivyo rahisi. Usimzungushie nyota, usimpigie mistari ya upepo, usimtoe cheche. Mchore akiwa amesimama kawaida, vidole vya miguu vimening'inia kidogo. Chini ya kandambili zake usiweke ule mstari mweusi uliouweka kwenye viatu vya mzee. Tia nukta ardhini chini yake wima. Vuta mstari kutoka kitako cha fimbo kupitia nukta hiyo. Halafu vuta mwingine kutoka kwenye mwali kupitia soli zake mpaka ukutane nao. Kivuli chake kianzie hapo, mbali na miguu, na kati ya soli na kivuli pabaki ardhi tupu yenye mwanga. Pengo lile dogo, la upana wa kidole kwenye karatasi, ndilo uchawi wote wa picha. Mzee ana uzito, binti hana, na anayetazama anahisi tumbo likimpanda.

Kilichobaki ni mahali macho yao yanapotazama. Binti atazame chini, kwenye pengo. Mzee atazame uso wa binti. Mwalimu wa kweli hutazama mwanafunzi, hatazami matokeo, na mstari huo wa macho utasema mambo ambayo hakuna kofia inayoweza kuyasema.

Sasa nakupa zoezi moja la ziada, na ndilo ninalolitaka kwa moyo wote. Chukua kifutio, ufute ndevu za mzee. Futa kofia. Badala yake weka kanga kichwani, na mikunjo ya mashavu ya bibi aliyeishi. Viatu viache, fimbo iache, kandili iache, macho yaache yakimtazama mwanafunzi. Hakuna kitu kingine kinachohitaji kubadilika, na sasa bibi ndiye bingwa wa picha.

Nalisema hili kwa sababu sanaa yetu ya katuni na majalada ya filamu imekuwa vivu. Ikihitaji mchawi mbaya, inamchora bibi kizee, mgongo umepinda, macho mekundu. Katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza, wanawake wazee wameuawa kwa miaka mingi kwa kutuhumiwa uchawi, na macho mekundu yalihesabiwa kuwa ushahidi dhidi yao. Macho yale yaliwiva kwa moshi wa kuni na samadi, katika kupikia watoto na wajukuu. Picha haimuui mtu, lakini humzoesha mtoto kuogopa sura fulani, na mtoto hukua. Mwovu wa hadithi anaweza kuwa kijana mtanashati mwenye kanzu iliyopigwa pasi. Utamchora kwa penseli zilezile, na atatisha zaidi kwa kuwa hakutarajiwa.

Kwa hiyo wewe unayechora kwa ajili ya watoto, kwenye vitabu, magazeti au ukuta wa darasa: siku ukiombwa picha ya mchawi mbaya, mwache bibi. Siku ukiombwa picha ya mchawi mwema, mwite yeye kwanza.